Samadi Yangu na Ua la Mrusi

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na jembe langu mwenyewe kutoka kwetu Mgeta, milimani Uluguru, kwa wakulima wa mboga. Bwana Bustani, ndivyo tulivyomwita msimamizi, akalitazama, akaniambia hii ni bustani ya nyumba ya wageni ya kiwanda, si shamba la kabichi. Nikamwamkia shikamoo.

Alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Alinifundisha kitalu, mahali pa kulelea miche kabla ya kuihamisha, na kupogoa, yaani kukata matawi ili mmea uchipue upya. Kuhusu samadi hakunifundisha kitu. Mtu wa Mgeta umfundishe samadi? Thubutu.

Miaka ikaenda. Bwana Bustani akastaafu, soko huria likaingia, kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji. Watunza bustani tulikuwa tumebaki wawili, mimi na Yohana, mtu wa Gairo, nchi kavu isiyo na mvua nyingi. Meneja mpya akatuita akasema anahitaji mmoja tu, na ataamua kabla ya mvua za vuli. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wanne. Yohana naye alikuwa na watoto wake.

Meneja alikuja na miche kumi na miwili ya ua lenye majani ya kijivu, ukiyafikicha yananukia kama dawa ya kifua. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu na liliitaja Urusi, sisi tukaliita ua la Mrusi. Miche akanikabidhi mimi.

Basi nikailisha. Samadi ya mbuzi, maji asubuhi na jioni, nyasi kavu juu ya udongo zitunze unyevu. Ikarefuka upesi, nikaringa kweli. Masika yalipoingia, na mvua za Uluguru mnazijua wenyewe, miche ikalala chini na kugeuka manjano. Nikang'oa mmoja: mizizi imeoza, inanuka. Nililia palepale, maana niliiona kazi inaondoka.

Yohana hakunicheka, ingawa kunitania ilikuwa kawaida yake. Alichuchumaa, akaubonyeza udongo ukatoa maji.

"Dada Felista, unaiua kwa kuishibisha. Huu kwa tabia ni mmea wa kwetu Gairo. Uache ushinde njaa."

Tukaihamisha saba iliyokuwa hai. Tuliinua tuta hadi usawa wa goti, mchanga na kokoto kwa wingi, karibu na ukuta unaopigwa jua kutwa. Samadi hakuna. Tukaikata, tukabakiza shubiri moja juu ya ardhi. Mvua zilipokatika akanikataza kumwagilia, labda mara moja kwa wiki mpaka ishike mizizi, kisha basi. Jamani, mkono uliniwasha! Kila nikipita na ndoo nilijiona mama mchoyo.

Kiangazi kilipokolea, tuta lote likawa zambarau, nyuki wamejaa. Meneja alikuja akalizunguka tuta.

"Nani ameiokoa?"

Yohana alikuwa bombani, hatua kama kumi kutoka hapo, ananawa mikono.

"Mimi, bwana," nikasema.

Yohana alisikia. Aliendelea kunawa. Wiki iliyofuata akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Alipokuja kuniaga hakunilaumu hata kidogo. Alinikumbusha tu kwamba masika yakikaribia niikate tena, na nisiionee huruma.

Nilibaki pale mpaka nikastaafu, na mameneja wote waliopita wakanisifu kwa ua lile. Siku hizi vijana wa vitalu vya mjini huja kuniuliza namna ya kulitunza. Nawaambia: jua, mchanga, kokoto, kisu kikali, na uizuie mikono yako. Halafu nawaambia aliyenifundisha ni Yohana wa Gairo. Hata asiyeuliza namwambia.

Wananijibu, "Bibi, si uende ukamwone?" Nimesikia bado yupo, analima karanga. Gairo si mbali, na nauli ninayo. Uso wa kumtazama ndio sina.