Misuko ya Komunyo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba lake la mihogo huko Wamaza, Apolline alifanya ishara ya msalaba, kisha akapapasa kichwa cha binti yake Nadine, nyuma ya sikio la kulia. Hapo, chini ya ngozi, palikuwa na kitu kigumu kama punje ya hindi, na mpira mwembamba ulioshuka shingoni hadi tumboni. Madaktari wa Bukavu waliuweka walipomtoa Nadine uvimbe wa ubongo, ili maji ya kichwani yapate njia. Walimwonya mama: kichwa kikiuma, akitapika, akilala kupita kiasi, mpira umeziba. Usingoje.

Miaka miwili alipapasa, miaka miwili akashukuru.

Jumamosi moja, kesho yake ikiwa Komunyo ya kwanza, shangazi Rosine alimsuka Nadine kwa uzi. Jioni mtoto akasema kichwa kinamuuma.

“Ni misuko tu, wifi,” Rosine akacheka. “Mukono wangu iko muzito. Hata wewe ulilia nilipokusuka siku ya ndoa!”

Apolline naye akacheka. Alitaka sana iwe misuko.

Jumapili Nadine alipokea Komunyo amefumba macho, na watu wakasifu uchaji wake. Jumatatu Apolline akaanza kumfumua. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto mtoto alipotapika, kisha akamlegea mikononi, usingizi mzito.

Akamwita mdogo wake Christophe, mwenye pikipiki. “Twende hospitali ya Kasongo.”

“Yaya, dada yangu, njia iko matope tupu.”

“Nimekuuliza njia?”

Alimfunga Nadine mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikining’inia. Waliisukuma pikipiki zaidi kuliko walivyoipanda. Huko Kasongo, daktari alimfunua mtoto macho, akasema lazima apasuliwe upya Bukavu, na ndege ni Alhamisi. Apolline alisali rozari hadi midomo ikakauka.

Nadine alifariki Jumatano, kengele ya Misa ya asubuhi ikilia.

Muuguzi akaleta maji ya kumwosha. Apolline aliomba kwanza kiti. Akaketi upande wa kichwa, akaanza kufumua misuko ya kulia, uzi mmoja mmoja, polepole, kwa sababu Nadine hakupenda kuvutwa. Rosine, aliyewafuata kwa miguu, alikuwa amesimama mlangoni, hajui mikono yake aiweke wapi.

“Kuya hapa karibu, wifi,” Apolline akamwambia. “Shika huku. Peke yangu sitamaliza.”