Mgema Asiyeweza Kutazama Juu

Darsim alimwoa mdogo wangu Rasiti mwaka ule minazi ya bondeni ilipotoa makarara mengi hata watu wakakosa mianzi ya kukingia tembo. Alikuwa kijana mwembamba, mgema mtoto wa mgema. Huku kwetu Banyumas tembo hatulinywi, tunalipika. Mwanamume hupanda alfajiri na hupanda tena alasiri, hukata ncha ya karara kwa kotama, kisu cha mgema kilichopinda, hushusha mwanzi uliojaa na kuning'iniza mtupu. Mkewe hukoroga lile tembo juu ya moto mpaka ligande likawa sukari guru. Mume akilala siku moja, jiko la mke nalo hulala.

Ugonjwa ulimwanza chini, kwenye makalio, leo upande huu, kesho ule. Hakuwa hata na miaka ishirini na mitano. Kisha ukapanda kiunoni. Aliamka kabla ya adhana kwa sababu ya maumivu, wala hakuweza kujiinua. Rasiti alinieleza kwamba ilimbidi amviringishe mpaka ukingoni mwa kitanda kama gogo, amshushe miguu, ndipo amvute mikono asimame. Akishasimama alitembea uani akiwa amepinda, akishika ukuta. Lakini kadiri alivyotembea ndivyo mwili ulivyofunguka, na jua likichomoza alikuwa juu ya mnazi kama wenzake.

Hapo ndipo watu walipokosa kumwamini. Wa kwanza alikuwa baba yetu, mzee Sanwirya, ambaye tuliishi naye nyumba moja. Baba alikuwa amegema tangu utotoni na alijua maumivu ya mgongo: ukifanya kazi yanazidi, ukipumzika yanapoa. Ya Darsim yalikwenda kinyume.

"Sijaona ugonjwa wa namna hii," alimwambia mbele yetu sote tukila. "Kitandani maiti, mnazini tumbili. Wewe Sim huumwi mgongo, unaumwa na mto."

Darsim alicheka pamoja nasi. Siku zile bado aliweza kucheka.

Alikwenda kituo cha afya, akapewa vidonge vya maumivu. Vilimsaidia, vikaisha, akarudi, akapewa vingine. Alikwenda kwa mkandaji, akakanyagwa mgongo kwa visigino mpaka akalia. Mwishowe alipelekwa hospitali ya wilaya akapigwa picha ya eksirei. Daktari kijana aliinyanyua picha kwenye mwanga, akasema mgongo huu ni mzuri kuliko wake yeye, ni uchovu wa kazi, akapumzike. Darsim akapumzika. Kila siku aliyolala ilimkaza zaidi, mpaka akawa anaomba kwenda kupanda. Na baba aliposikia kwamba picha ni safi, alilichukua neno lile kama hukumu ya kadhi. Tangu siku hiyo hakutania tena, alidharau.

Kisha ukaja msimu wa dawa ya unga. Iliuzwa sokoni kwenye pakiti yenye picha ya fahali, dawa ya mitishamba, ndivyo walivyosema. Darsim alikunywa, na kesho yake akaamka peke yake. Tulishangilia. Miezi ikapita uso wake ukajaa, ukawa mviringo kama sinia, na watu wakasema ndoa imemkubali. Alipojaribu kuiacha aliishiwa nguvu hata kijiko hakuinua. Baadaye sana ndipo tulipoambiwa kwamba ndani ya unga ule mlikuwa na dawa kali ya hospitali, iliyofunika uvimbe bila kuuondoa. Chini ya kifuniko kile ugonjwa uliendelea kupanda.

Ulifika shingoni. Tuliutambua kwenye sala. Msikitini, wenzake walipotoa salamu kulia na kushoto, Darsim aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno, kwa sababu kichwa peke yake hakikugeuka. Vijana wa nyuma walimwita Kabati. Aliacha kwenda, akawa anasali nyumbani, uso ukutani.

Na mgema asiyegeuza shingo ana shida nyingine. Ukisimama chini ya mnazi unatazama juu kwanza: karara lipi limekomaa, kuti lipi limeoza litakuangukia. Darsim alipiga magoti na kulala chali kwenye majani yenye umande ili auone mnazi wake. Akamaliza kuutazama, akaanza kazi ya kuinuka. Nilimwona siku moja nikajificha, asijue nimemwona.

Miaka tisa ilipita hivyo. Jibu halikutoka mgongoni, lilitoka jichoni.

Msimu wa mvua, jicho lake la kushoto liligeuka jekundu kama pilipili. Mwanga ulimchoma, hata moto wa jikoni hakuuvumilia. Tulidhani ni moshi. Uoni ulipoanza kuwa na ukungu, Rasiti alimpeleka mjini Purwokerto kwa daktari wa macho, mzee mmoja asiye na maneno mengi aitwaye Prasetya. Alimwangalia kwa chombo chake kwa muda mrefu, akasema uvimbe umo ndani ya jicho. Kisha akauliza jambo ambalo Rasiti alilidhania mzaha.

"Asubuhi mgongo wako ukoje?"

Rasiti anasema alimwona akimkodolea yule mzee kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa wageni. Halafu akaanza kusimulia, tangu makalio mpaka shingo. Daktari wa macho akampa matone, akaandika rufaa kwa daktari wa viungo.

Daktari wa viungo, mama mmoja aitwaye Widuri, hakumkimbiza. Alimsimamisha na visigino ukutani, akamwambia aguse ukuta kwa kisogo. Hakikugusa, na nafasi iliyobaki ilitosha ngumi ikaingia na kutoka. Akamzungushia utepe wa fundi cherehani kifuani, akamwambia avute pumzi yote aliyonayo. Utepe haukutanuka hata upana wa kidole. Akamwinamisha, akamgeuza, akauliza ukakamavu wa asubuhi unadumu mpaka saa ngapi, kwao kuna nani mwingine aliyepinda. Darsim akamkumbuka babu yake, aliyezikwa kwa taabu kwa kuwa hakunyooka.

Damu ilipimwa. Alama ya kurithi ikaonekana, na kipimo cha uvimbe kikawa juu. Akaingizwa kwenye mashine ya sumaku, na picha za safari hii hazikuwa safi: mifupa ya nyonga imeanza kushikana, na pingili za mgongo zimeota madaraja ya mfupa kutoka moja hadi nyingine. Daktari alisema ni baridi yabisi ya uti wa mgongo. Kinga ya mwili, iliyopaswa kupigana na maradhi, inaushambulia mgongo wenyewe. Mwanzoni picha ya kawaida haionyeshi kitu, na wengi hupotea hapo.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu," alisema Darsim.

"Hukuwa mvivu."

Aliuliza basi kama shingo itarudi. Daktari Widuri hakumdanganya. Alimwambia mfupa ulioungana hauachani, dawa itazuia tu ule ambao haujaungana. Akaongeza neno ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko jina la ugonjwa: asipande tena. Mgongo ulioungana unaonekana mgumu, lakini ni mgumu kama chaki. Akianguka, hata si kutoka juu, utavunjika, na shingo ikivunjika hatatembea.

Walirudi nyumbani na vidonge. Kulikuwa na sindano iliyo bora, lakini utaratibu ulitaka vidonge vya aina mbili vishindwe kwanza, na kila aina ipewe muda wake. Wakati huo mgongo hausubiri utaratibu wa mtu.

Darsim akakaa chini. Tuliwapa majirani waigeme minazi yetu kwa kugawana sukari, na jiko la Rasiti likawaka nusu. Baba hakuelewa kwa nini mtu anayetembea, anayekula, asiye na jeraha, hapandi. Jioni moja alitazama sahani yake ya wali na tempe, soya iliyochachushwa, akasema pasipo kumlenga mtu, "Nyumba hii sasa ina wapishi watatu na haina mgema."

Darsim aliweka kijiko chini, hakula tena.

Kesho yake alasiri nilikuwa naokota kuni kando ya mto nikamwona mnazini, kwenye ule mrefu kuliko yote, mianzi ikimning'inia kiunoni. Sikuita. Ukimshtua mgema umemuua. Alipanda polepole, mikono ikipapasa shina, akafika kileleni, akakata. Kisha mvua ikamwagika ghafla kama kawaida yake.

Alipotaka kushuka hakuweza. Ili ushuke sharti uone kipandio kilichochongwa shinani chini ya mguu, na kichwa chake hakikuinama. Siku zote alikuwa akishuka kwa kukumbuka, lakini sasa shina lilikuwa telezi, jicho moja lina ukungu, na miguu ilikuwa imekaa wiki nyingi bila kazi. Niliona mguu wake ukitafuta, ukikosa, ukirudi. Akaukumbatia mnazi akatulia. Nikakimbia kumwita Rasiti, na Rasiti akaacha sukari ikaungua.

Watu wakajaa. Baba alikuja wa mwisho, amejifunika jani la mgomba.

"Sim, shuka."

"Sioni vipandio, Pak." Huwa tunawaita baba zetu hivyo. Sauti ilitoka vipande vipande, maana kifua kile kilikuwa hakitanuki. "Shingo haiinami. Na pumzi inaniisha."

Rasiti alikuwa ameshika shina kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kulizuia lisiyumbe, akimwita kaka kama wake wa kwetu wawaitavyo waume zao, akirudia, "Usilegeze mikono, Kang. Kang Darsim, nisikilize mimi, usilegeze." Wagema vijana walikuwa kwenye minazi ya ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa unajaa. Basi baba akavua ndala. Alikuwa ameacha kupanda tangu Rasiti aolewe, na magoti yake tulikuwa tukiyakanda kila jioni. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Alipanda mpaka chini ya miguu ya mkwewe, akamshika kisigino.

"Nipe huu mguu. Usiutafutie wewe, niachie mimi. Haya, hapo. Kanyaga. Sasa mkono."

"Nikiteleza nitakuangukia, Pak."

"Basi usiteleze."

Alimwekea kila mguu kwenye kila kipandio, mmoja baada ya mwingine, mvua ikiwapiga usoni. Mara moja baba aliteleza akaning'inia kwa mikono, na umati wote ukatoa sauti moja. Walipofika chini Darsim alikaa kwenye tope akavuta hewa kama samaki. Baba alichutama nyuma yake, akampapasa uti wa mgongo kwa kiganja, kutoka shingoni mpaka kiunoni, kama alivyokuwa akipapasa shina kabla ya kulipanda. Akarudia tena. Kisha akanitazama mimi.

"Hakuna mahali panapokunjika," alisema.

Tangu hapo ni baba aliyekuwa akiamka kwanza. Alichemsha maji, akammwagia Darsim mgongoni taratibu, kisha akamshika mkono wakazunguka uani, mzee na kijana, na mtu asiyewajua angekosea nani mzee. Safari za Purwokerto walikwenda wote. Baba alisimama pembeni akitazama kisogo na ukuta, utepe na kifua. Daktari aliposema nafasi haijaongezeka, baba alishukuru kwa sauti kama aliyepewa mtoto.

Aina mbili za vidonge zilishindwa. Damu ikaendelea kuonyesha uvimbe, jicho likawaka tena mara mbili. Ndipo sindano ikaruhusiwa, baada ya kifua kupimwa kwamba hakina kifua kikuu. Wiki chache baadaye Rasiti aliamka akakuta kitanda kitupu upande wa pili. Alitoka mbio, akili yake ikiwa mtoni, kwa maana Darsim alikwisha kusema kwamba heri mto umchukue. Alimkuta amechutama jikoni anapuliza moto. Alikuwa ameamka mwenyewe. Rasiti alikaa kizingitini akalia mpaka maji yakachemka.

Ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Shingo haikurudi. Lakini alikoroga sukari, alisuka vikapu, alirudi msikitini, akageuka mwili mzima mbele ya watu bila kujali.

Kisha sindano ikakosekana. Mara ya kwanza walisema shehena imechelewa, waje mwezi ujao. Mwezi ujao walisema vivyo hivyo. Daktari Widuri alipiga simu mbele yao, akaita miji mingine, akakata simu akakaa ameshika paji la uso. Alipima tena. Kipimo cha uvimbe kimepanda. Utepe wa kifuani, ambao ulikuwa umeanza kutanuka, umerudi kukaza.

Leo alfajiri nilitoka uani. Baba alikuwa akimmwagia maji. Mzee mwenyewe sasa anashika birika kwa mikono yote miwili. Darsim alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho chini. Nilimuuliza amelalaje, nikijua ni swali la kipumbavu.

"Zamani ilikuwa nafuu, Yu," aliniambia, maana ananiita dada. "Sikujua asubuhi ya watu wengine ikoje. Nilidhani labda ni mimi tu siwezi kuvumilia. Sasa nimeijua, halafu imechukuliwa."

Baba alimwambia anyamaze, maji yatapoa. Rasiti yuko barabarani tangu giza, kwenda tena dirisha la dawa kuuliza. Bado hajapiga simu.