Mluzi katika Chumba cha Hewa Safi

Kwa miaka kumi na miwili mlishaji aliwatunza simbilisi wa maabara, wanyama wadogo wanene wasio na mkia, katika vyumba viwili vya ghorofa ya juu. Chumba cha kwanza kilivuta hewa moja kwa moja kutoka wodi ya kifua kikuu iliyokuwa chini; cha pili kilivuta hewa hiyohiyo baada ya kupita kwenye chujio. Kila mwezi wanyama walidungwa sindano ya kupima kifua kikuu ubavuni, mahali paliponyolewa. Aliyevimba hapo alikuwa ameambukizwa.

Asubuhi ile alipima kwa rula, akapima tena. Watatu wa chumba cha pili walikuwa wamevimba.

Mkuu wa maabara aliandika "chujio" katika daftari, kwenye safu ya chanzo, kisha akamwita fundi wa mitambo. Fundi alilikagua saa mbili nzima.

"Mzee wangu, halina hata tundu la sindano. Hawa watoto wako ugonjwa wameutoa wapi? Au ulikuwa unawabusu?"

"Wewe kaza skrubu zako," mlishaji alijibu, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikamshika hadi akaegemea ukuta.

Fundi alirudi nyuma hatua mbili.

"Kimeanza lini hicho, mzee?"

"Vumbi la nyasi tu."

Halikuwa vumbi, naye alijua. Kikohozi kilikuwa na wiki tano, na suruali ilianza kumpwaya. Tena alijua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Katika chumba cha kwanza hakuvua barakoa kamwe. Katika cha pili, kwa kuamini kwamba hewa ni safi, aliishusha kila asubuhi ili awapigie wanyama mluzi, nao wakamjibu kwa kelele za kudai chakula.

Nyumbani, binti yake alikuwa amejifungua siku kumi na tisa zilizopita. Kila jioni babu alimpakata mjukuu, akampigia mluzi uleule.

Alitoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Baba, mbona mapema? Mjukuu wako ndiyo kwanza amelala."

"Mwamshe, mwanangu. Nendeni zahanati sasa hivi. Waambie mnaishi na mtu anayekohoa."

"Nani anakohoa? Si ulisema ni mafua? Baba!"

"Nenda kwanza."

Aliporudi, simbilisi walikuwa wamejipanga kwenye nyavu wakimpigia kelele. Alikaza barakoa, akafungua daftari. Alikata neno "chujio" kwa mstari mmoja, akaandika "mlishaji", akatia sahihi, kisha akaenda kuomba kopo la makohozi ili apimwe.