Kiwanja cha Buyenzi

Baba alikuja Brussels kama mkimbizi, akiwa na hati ya kiwanja chetu cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, aliyopewa na Wabelgiji zamani za ukoloni. Sisi Waislamu wa Bujumbura hatukuwa na shamba la ukoo milimani. Tulikuwa na kiwanja kile tu. Shangazi alikuwa akienda kila siku kukifagia, lakini mumewe alipofariki ilimbidi akae eda nyumbani kwake. Kabla hajatoka, mtu mwingine alikuwa amehamia kwetu.

Nilimpeleka Baba kwa wakili, mtaa wa Saint-Josse. Wakili akasoma hati, nami nikatafsiri: inampa haki ya kukaa, si ya kumiliki, na asiyekaa huipoteza. Lazima arudi mwenyewe kudai.

Baba akatoa pasi yake ya ukimbizi. Iliruhusu nchi zote isipokuwa Burundi.

"Muulize, waliotoa hii na waliotoa ile, si serikali moja?"

Nikauliza. Wakili akasema ni moja.

"Bon," Baba akasema. "Basi wasemezane."

Wakili akasimama kutuaga. Baba hakuinuka. Mteja aliyefuata akafungua mlango, akatukuta tumekaa, akabaki kizingitini akingoja.