Kura ya Mama

Mwaka niliogombea kiti cha Shura, baraza la wawakilishi wa wananchi, katika wilaya ya Bawshar, hapa Maskati, watu walianza kunionea huruma kabla hata sijashindwa. Kwetu Oman hakuna vyama. Kila mgombea husemwa anajitegemea. Hayo ni maneno tu. Mtu husimama na ukoo wake nyuma yake, na mimi nilikuwa mwanamke, mzaliwa wa Unguja, wa ukoo ambao asili yake ni mji mmoja wa ndani, mbali na Maskati.

Hata hivyo nilikuwa na matumaini, na yote yalitokana na sebule ya mama yangu. Kila asubuhi ilijaa wanawake wenzetu waliotoka Unguja, wanakunywa kahawa, wanakula vitumbua, wanacheka kwa Kiswahili. Nikiwaeleza habari ya malori ya viwanda vya Ghala yanayopita kwa kasi mbele ya skuli, huitikia kwa sauti moja na kunipigia vigelegele. Nikajiona nimeshapata. Hakuna aliyenidanganya. Mimi tu sikufikiria kuuliza wamejiandikisha wapi.

Kumbe karibu wote walijiandikisha katika miji ya babu zao, huko ndani ya Oman. Wamejenga Bawshar, wamezaa Bawshar, lakini kura zao ziko kule wanakokwenda kwa Idi na kwa maziko. Nilikuja kujua uchaguzi umeshafika mlangoni, pale mama aliponiambia kuwa kaka yangu atakuja kumchukua siku hiyo.

"Akupeleke wapi?"

"Kwetu. Nnakwenda kupiga kura."

"Kwetu ni hapa, mama! Mimi mwanao nimesimama hapa, nawe unakwenda kuwapigia watu usiowajua?"

"Usinipigie kelele," alisema. "Unguja nikiitwa Mmanga, Mwarabu wa kuja. Nimekuja huku naitwa Mzinjibari. Nnataka siku moja niitwe kwa jina la baba'angu, katika mji wa baba'angu, na watu wasikie."

Nilikasirika, tena si kidogo. Kutwa nzima sikusema naye. Nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kuomba kura kwa watu wanaouliza asili yangu kabla hawajanikaribisha tende, na kumbe hata ya mama yangu mzazi sina. Nilimwonea wivu babu, mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Nilishindwa, na nilishindwa vibaya. Siku ile ya uchaguzi mama alirudi baada ya alasiri, miguu imemvimba kwa safari. Nilikuwa bado nimenuna, lakini nilileta beseni la maji ya moto, nikakaa chini nikaanza kumkanda.

"Haya, wamekuita?"

"Wameniita. Jina langu, la baba, la babu, mpaka la ukoo. Mzee mmoja akainuka akanipa kiti chake." Uso wake ulikuwa umenawiri, sikuwahi kumwona hivyo tangu tuhamie.

Nilitaka kufurahi pamoja naye na nikashindwa. Roho iliniuma.

"Na kura ukampa nani?"

"Nimpe nani? Nnamjua nani mimi kule?" Alinitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Karatasi nimeirejesha tupu. Wangu alikuwa Bawshar."