Panadol ya Hamdu

Kuna nyumba moja Kiembe Samaki ambayo mpaka leo nikipita mbele yake huinamisha kichwa, si kwa heshima tu, ingawa heshima ipo, bali kwa sababu sebuleni mwake, mbele ya watu thelathini niliosoma nao, nilimtapikia mapajani mwalimu wangu wa baiolojia. Na kwa kuwa wenzangu wamekwisha kukisimulia kisa hiki kwa chumvi zao, bora aibu yangu niibebe mwenyewe.

Bi Ruzuna alitufundisha enzi zile tukitoka skuli tunakimbilia Forodhani, watu wanne tunagawana muhogo mmoja wa kuchoma. Ndiye aliyemfuata marehemu baba dukani, siku alipoamua niache masomo nikauze mchele, akamwambia, "Huyu mwache asome." Sasa macho yake yamemwacha karibu yote, na sisi wanafunzi wake tukakubaliana tumfanyie kikao cha shukrani angali yupo wa kusikia. Hotuba nikapewa mimi (nafundisha chuo kikuu Tunguu, na msomi hakatai kipaza sauti). Niliiandika kwa wiki mbili. Nilitaka aisikie kwa sauti yangu, kabla hatujachelewa.

Wakati huo nilikuwa natumia prednisoloni kwa baridi yabisi iliyonikaa magotini. Daktari alinionya mapema: "Maumivu yakizidi, meza panadol. Nyengine yoyote, niulize kwanza." Nikaitika naam, kama mtoto wa madrasa.

Mtego ulikuwa ndani ya neno lenyewe. Kwetu, mnajua, kila kidonge cha maumivu ni panadol. Siku nne kabla ya kikao nilipanda ngazi za nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe kutafuta picha ya darasa letu, pamoja na Hamdu, niliyekaa naye dawati moja na leo anauza viungo sokoni, na tulipofika juu magoti yangu yalikuwa yanalia. Hamdu akatoa mfukoni kipande cha vidonge kilichokatwa kwa mkasi, kama tunavyouziwa madukani.

"Meza panadol yangu hii. Mgongo wangu nnaujua mimi, hii ndiyo inayousimamisha."

"Panadol kweli?"

"Unanitia mtihanini, Profesa? Panadol, ila kali kidogo."

Nikameza. Kesho yake nilishuka ngazi za kwangu kama kijana wa miaka ishirini, nikamwomba kipande kizima, nikawa nameza kutwa mara tatu, huku nikijisifu kwamba nafuata agizo la daktari neno kwa neno. Tumbo likaanza kuwaka, nikalaumu pilipili. Choo kikawa cheusi kama lami (mnisamehe, lakini mkasa ukipunguzwa ukweli hubaki porojo). Nikamlaumu ngisi wa wino niliyemla kwa dada yangu. Mtu mwenye shahada mbili, nikamsingizia ngisi!

Siku ikafika. Bi Ruzuna kakaa kitini na kanga mpya tuliyomtunza, sinia la halua mezani, buli la kahawa linangoja hotuba iishe. Nikasimama, nikasema shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ileile ya darasani, nikafungua karatasi, na nilipofika kwenye sentensi ya tatu, ile ya baba na duka, chumba kikaanza kuzunguka, nikashika kitambaa cha meza, kitambaa kikaja na sinia, halua ikaruka, nami nikapiga magoti mbele ya mwalimu wangu kama mwenye kuomba radhi, nikatapika juu ya kanga yake kitu cheusi chenye chengachenga.

"Kahawa hiyo!" akapiga kelele mmoja wetu. "Kaidokoa kabla ya wageni, ndo kapata jaza yake!"

Watu wakacheka. Bi Ruzuna hakucheka.

"Buli limeshafunguliwa?" akauliza.

"Bado, Mwalimu."

"Basi si kahawa. Hiyo ni damu iliyogeuka nyeusi tumboni. Iteni gari. Huyu anameza nini?"

Hamdu akajikohoza. "Panadol tu, Mwalimu."

"Nisomee, Hamdu. Usinambie, nisomee."

Hamdu akatoa kipande chengine mfukoni, akakisogeza mbali na macho yake ya uzeeni. "Dik-lo-fe... hapa pamekatwa, Mwalimu."

"Panatosha."

Kilikuwa kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Hospitali nikaelezwa, nikiwa nimetundikiwa chupa, kwamba prednisoloni ukiichanganya na diklofenaki, au ibuprofeni, au aspirini, tumbo hudhurika kwa urahisi zaidi; kwamba alichokusudia daktari wangu ni parasetamoli, nayo kwa kipimo chake; na kwamba prednisoloni yenyewe nisije nikaiacha ghafla kwa hofu. Yote hayo ningeyaepuka kama ningekigeuza kipande kile upande wa pili, nikaona si panadol, nikamuuliza daktari.

Nilipopona nilikwenda Kiembe Samaki na kanga nyengine na karatasi yangu ya hotuba. Mwalimu akanisikiliza nikiikunjua, kisha akasukuma kikapu chake cha dawa kuelekea kwangu.

"Hiyo baadaye. Nianzie na hizi. Jina zima, si rangi."

Tangu siku hiyo kila Ijumaa alasiri namsomea dawa zake, moja moja, na iliyokatwa jina hatuikubali. Yeye husahihisha matamshi yangu, hunichomekea kisa cha darasani, tunacheka, na tukija kumaliza kikapu, adhana ya magharibi inalia. Hotuba bado imo mfukoni. Haijavuka ile sentensi ya tatu.