Betri ya Ta Projesti na Kipindi cha Magari

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Bukoba ni ndogo na mke wangu yumo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na sita, makanika mstaafu, naishi Kashai. Msinicheke kwamba mzee mzima naleta mambo ya televisheni mtandaoni. Jambo hili nimelibeba zaidi ya miaka thelathini, na Jumamosi hii limenifika shingoni.

Rafiki yangu nitamwita Ta Projesti. Wakati wa vita na Uganda, tulipokimbia kutoka kule mpakani, ndiye aliyempakia mama yangu mgonjwa kwenye lori la tajiri wake akamfikisha Muleba salama. Baadaye alinunua pikapu kuukuu, akawa anabeba samaki kutoka mialoni kule ziwani, na mimi nikawa fundi wake. Tulipenda magari, acheni tu.

Bosi wa gereji niliyofanyia kazi alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, inatumia betri ya gari, inakamata Uganda kwa antena tuliyoifunga kwenye bomba. Kila Jumamosi jioni kulikuwa na kipindi cha magari cha Wazungu. Tulikaa watano, kibuyu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija mmoja unaozunguka. Ndivyo tulivyolelewa. Kumtengea mwenzako kikombe chake ni kumwambia humtaki. Na kelele sasa! Mimi nilisema yule mtangazaji ni msanii tu, fundi gani anashusha injini shati likabaki jeupe? Ta Projesti alimtetea kama ndugu yake. "Una wivu wewe! Sikiliza injini, achana na shati." Alikuwa anafumba macho halafu anatuambia silinda gani inakosa moto, na tukisubiri kidogo tunakuta ni kweli.

Kisha akaanza kukonda. Miaka ile kila kijiji kilikuwa na makaburi mabichi, na ugonjwa wenyewe, huu UKIMWI, tuliuita Juliana. Midomo yake ikatoka vidonda. Mrija ukimfikia, sisi tunaangaliana. Hatukujua kitu, jamani, tuliogopa hata spana aliyoishika. Lakini nani amwambie Ta Projesti anywe peke yake? Nikaja na akili yangu ya kipumbavu. Nilikwenda kwake Kagondo nikamwambia, "Pole, televisheni imezima. Betri ya bosi imekufa, hakuna kipindi mpaka ipatikane nyingine." Alisikitika kama aliyefiwa.

Jumamosi iliyofuata tumekaa wanne, kipindi kimeanza, nikamwona mkewe Ma Adela anakuja na betri ya pikapu kichwani. Nilikimbia kuizima ile televisheni. Asidi ilikuwa imemtobolea kitenge begani. "Waitu shemeji, amesema mtumie hii, gari lenyewe limesimama tu. Mkishaangalia mje mumsimulie."

Kuikataa ilikuwa ni kukiri uongo. Niliipokea kwa mikono miwili. Mbaya zaidi, tuliitumia. Ya bosi ilikuwa chakavu, hii ilikuwa inatoa picha safi, tukaangalia nayo Jumamosi tatu bila kuichaji. Kwenda kumsimulia sikwenda. Kila siku nilisema nitakwenda kesho.

Asubuhi moja ya mvua Ma Adela alikuja mbio bila viatu. Mumewe anapumua kwa shida, jirani anayejua kuendesha yupo, gari halina betri. Niliibeba mwenyewe mpaka Kagondo, nikaifunga, jirani akawasha. Tik. Basi. Tukalisukuma, magurudumu yakazama kwenye tope la kibanja chake cha migomba. Mimi, fundi mzima! Tukamweka kwenye machela tukaanza kutembea. Njiani alinishika mkono akauliza, "Yule Mzungu bado anavaa shati jeupe?" Nikajibu, "Bado." Akacheka kidogo. Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Baada ya mazishi Ma Adela alinipa ile betri niondoke nayo, hakutaka kuiona.

Najua mtasema angekufa tu, dawa hazikuwepo. Hilo nimejiambia miaka yote na halijanisaidia.

Sasa mwanawe, ambaye wakati ule alikuwa darasa la kwanza, ana kipindi chake cha magari mtandaoni. Kizuri kweli, anachafuka mafuta mpaka kwenye viwiko. Wiki iliyopita alinipigia. "Shikamoo baba mdogo. Jumamosi nawakutanisha mafundi wa zamani mtoe maoni yenu kuhusu vipindi vya magari vya enzi zenu. Mama naye atakuwepo. Nataka usimulie jinsi baba alivyowatolea betri yake kwa upendo." Nikaitikia haraka haraka. Mdomo huu!

Juzi nikaenda kumsalimia Ma Adela nimpime. Mungu alimnusuru, amezeeka, macho hayaoni vizuri. Mwanawe alipotoka nje akanishika mkono. "Shemeji, ile betri niliifungua garini mimi kwa mikono yangu. Ningegoma siku ile, mume wangu angefika hospitali. Nimemuua mwenyewe. Mwanangu sijawahi kumwambia." Mawe, mama yangu! Nilitazama chini nikanywa chai yake mpaka ikaisha.

Nikisema kweli, mama huyu atapumua, na kijana anayeniita baba mdogo atajua mimi ni mtu gani. Nikinyamaza, mama atakwenda kaburini akijihukumu kwa kosa langu. Wale wenzangu watatu wote wamekufa, hakuna mwingine wa kumwambia mama huyu ukweli.

Leo asubuhi kijana amenitumia ujumbe: "Baba mdogo, kama ile betri bado ipo, uje nayo tuwaonyeshe watu." Ipo. Iko chini ya kitanda changu. Niambieni ndugu zangu, niipeleke na maneno gani?